Redio yetu ya mtaani imenunuliwa na wenye TV na gazeti. Tuanzie wapi kupinga?

MkaziMbagala:
Wakuu, salaam. Redio tuliyoizoea ilikuwa na kipindi cha alfajiri: unapiga simu, unasema maji hayatoki tangu Jumamosi au mfereji umeziba, na kabla ya saa nne mtangazaji kashambana mhusika hewani. Mwaka jana ikanunuliwa na kampuni ambayo tayari ina televisheni, gazeti na redio nyingine. Kipindi kikafutwa. Sasa taarifa ya habari ni ileile, neno kwa neno, kwenye redio zao zote mbili, na kesho yake unaisoma gazetini. Mvua za masika zilipojaza maji mpaka kiunoni kwenye njia ya shule, tulifungua redio tukakuta muziki tu.

Tunakusanya saini kwenye daftari la kaunta, dukani kwa mama mmoja. Zimefika 214, wengine wameweka dole gumba. Vijana wanataka tukakusanyike nje ya ofisi zao, wazee wanataka barua. Naogopa kuwaingiza watu matatani. Naombeni ushauri.

MzeeKeko:
Mwanangu, sisi tumekua na Redio Tanzania peke yake. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyofungua mlango kwa redio binafsi. Hatukuufungua mlango ule ili tajiri mmoja aje kuukalia. Msikate tamaa.

Pwani_Kweli:
Mkuu, mimi sikubaliani. Mwenye mali ni Mtanzania, kanunua kihalali. Hiyo redio ilikuwa haina matangazo, pengine ingekufa kabisa. Mtamlazimisha aendeshe kipindi kwa hasara?

MkaziMbagala:
@Pwani_Kweli hatumnyang'anyi mtu mali. Lakini masafa ni ya umma, yeye kapewa leseni tu.

DadaSheria:
Hapo kwenye leseni ndipo pa kushika. Mwenye leseni ya utangazaji hauzi hisa kimyakimya, mabadiliko ya umiliki yanapitia TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano na utangazaji. Pia kampuni zinapoungana, Tume ya Ushindani ina mamlaka chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003. Kwa hiyo andikeni barua mbili, zote ziulize jambo moja: je, ununuzi huu uliidhinishwa, na kwa masharti gani? Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Peleka kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Bila muhuri watakwambia haikufika.

Majina ya wamiliki tafuteni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, msiandike ya kusikia vijiweni. Mkusanyiko nao unahitaji taarifa polisi saa 48 kabla. Mimi ningeanza na barua.

Na hilo daftari: kila ukurasa uandikwe juu mnachodai. Saini zisizo na dai juu yake ni orodha ya majina tu.

Msomaji_Sinza:
Naongezea. Marekani sheria ya 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, na kampuni ya Clear Channel ikafikisha redio zaidi ya 1,000. Mwaka 2003 mamlaka yao ya mawasiliano ilipotaka kulegeza masharti zaidi, wananchi waliandika maoni kwa mamilioni. Kikundi kidogo cha wanaharakati wa redio za jamii, Prometheus, kikaenda mahakamani na masharti mapya yakasimamishwa. Kesi zile ziliendelea mpaka 2021, Mahakama ya Juu ilipoipa ushindi mamlaka. Lakini kwa miaka hiyo yote walizuia mengi. Australia nako, mwaka 2020, ombi la waziri mkuu wa zamani Kevin Rudd la kuichunguza himaya ya vyombo vya habari ya tajiri Murdoch lilipata saini zaidi ya 500,000 na likafika bungeni.

Jiandaeni kwa safari ndefu. Wekeni watu watatu wa kupokezana, mmoja akichoka mwingine ashike.

MkaziMbagala:
Asanteni sana. Dada, kurasa zetu hazina dai juu, zina majina tu. Leo jioni naandika dai upya na kupita nyumba kwa nyumba, naanza na wale wa dole gumba maana inabidi wasomewe. Barua ya TCRA naipeleka Jumatatu asubuhi. Nitarudi hapa na picha ya muhuri.