Fumbo la maneno 9 kwa 9: kona ya chini kulia haijai. Tatizo ni maneno au mchoro?

ChakiNyeupe:

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma mjini, natengeneza fumbo la maneno (lile la mlalo na wima) kwa klabu ya Kiswahili, kidato cha pili. Linatoka kila Ijumaa: nakala 60 za karatasi, na moja inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ya magazetini sitaki kunakili, nataka yawe ya kwetu.

Mchoro ni visanduku 9 kwa 9. Maneno yanakaa kwenye mistari ya 1, 3, 5, 7 na 9, na kwenye safu za 1, 3, 5, 7 na 9 (mstari ni wa kulala, safu ni ya kusimama). Vinavyobaki katikati ni vyeusi. Mstari wa chini kabisa nimeweka KISWAHILI, safu ya mwisho kulia nimeweka MWANDISHI. Yote yana herufi 9, yote yanaishia na I, yanakutana vizuri kwenye kona. Kuanzia hapo hakuna kinachoingia.

Naomba msaada kwa haya:
1. Kona hiyo inajazwaje?
2. CH na NG' zinakaa kisanduku kimoja au viwili?
3. Vidokezo: wengine wanalalamika ni rahisi mno, wengine wanasema haviingiliki.
4. Nikituma picha kwenye kundi, namba hazisomeki.

---

Mraba_Mweusi:

Mwalimu, mchoro wako hauna kosa. Maneno ni mazuri ila yamekaa pasipo pake.

Maneno ya Kiswahili huishia na irabu, na hata ya kukopa tumeyatia irabu mwishoni: benki, basi, kilabu. Sasa tazama mstari wa 9. Kila safu inayoshuka mpaka chini inamalizikia hapo, kwa hiyo kisanduku cha 1, 3, 5, 7 na 9 cha mstari huo lazima viwe irabu. KISWAHILI kina K kwenye cha 1 na S kwenye cha 3. Maana yake unatafuta neno la wima linaloishia na K na jingine linaloishia na S. Utatafuta mpaka Ijumaa ijayo. Kulia ni vilevile: MWANDISHI inaudai mstari wa 1 uishie na M, wa 5 uishie na D, wa 7 uishie na S.

Kingo hizo mbili, ya chini na ya kulia, zinataka maneno yanayoanza na irabu na kupokezana irabu na konsonanti mpaka mwisho. Ngeli ya U ndiyo ghala lako:

Herufi 9: UTAMADUNI, UBINADAMU
Herufi 7: USALAMA, UTAFITI, UKARIMU, UJIRANI, na ASUBUHI
Herufi 5: UGALI, UKUTA, ELIMU, AMANI, IMANI, AKILI
Herufi 3: UZI, UFA, ADA, EKA, UTU

Kwenye mchoro wa 9 mstari hugawanyika 5 + cheusi + 3, kwa hiyo ya herufi 7 yaweke akiba kwa siku utakapotengeneza wa 11 kwa 11 (7 + cheusi + 3).

KISWAHILI kipandishe mstari wa 1. Pale herufi zake zinaanzisha maneno ya wima, na konsonanti inaanzisha neno bila shida. Hili hapa limejaa lote, alama # ni kisanduku cheusi:

```
K I S W A H I L I
U # A # R # D # M
A S A L I # A D A
# # # # # # D # N
M S I M A M I Z I
B # B # # # # # #
U F A # N D U G U
Y # D # I # T # Z
U T A M A D U N I
```

Nilivyokwenda: kwanza fremu. KISWAHILI juu, UTAMADUNI chini. Kulia I ya KISWAHILI ikaanzisha IMANI, kikafuata cheusi, kisha UZI ikamalizikia kwenye I ya UTAMADUNI. Cheusi kile kipo mstari wa 6 safu ya 9, na ili mchoro uwe na ulinganifu (ukigeuza karatasi juu chini, vyeusi vibaki palepale) ni lazima kuwe na kingine mstari wa 4 safu ya 1. Ndipo kushoto pakawa KUA, cheusi, MBUYU. Baada ya fremu nenda mstari wa 5, halafu gawanya safu za ndani. Maneno ya herufi tatu yawe ya mwisho kabisa, yapo mengi na yanajipanga yenyewe. Anayeanza na mafupi hukwama kwenye marefu.

MWANDISHI yako ingekubali kukaa mstari wa 5, kwa sababu inaanza na M ya MBUYU na kuishia na I ya IMANI. Ila S yake inaangukia safu ya 7, mahali ambapo neno la wima linatakiwa kuishia. MSIMAMIZI inaweka I hapo, na IDADI inafungwa bila vita.

Jumla ni maneno 17, vyeusi 24. Angalia pia kwamba nusu ya juu imeshikana na ya chini kwa njia nne: IDADI na IMANI kutoka juu, MBUYU na IBADA kutoka chini. Zikibaki mbili tu, anayekwama juu hana pa kupenyea.

Kuhusu CH: visanduku viwili, kama inavyoandikwa. Lakini C isikae kwenye makutano. Katika Kiswahili C haitembei bila H, kwa hiyo neno linalokatiza nalo litalazimika kuwa na CH, na utajifunga. Panga H ndiyo ikutane. NG' ni N na G, alama ya juu inadondoshwa, na useme hivyo kwenye maelezo ya juu ya fumbo. Ukiamua leo, usibadilishe wiki ijayo.

---

Bibi_Nukta:

Limejaa, hongera. Lakini jamani, makutano ni 24 na kati ya hayo 20 ni irabu. Konsonanti ni K, S, M na N basi. Kwa mtengenezaji huo ni mteremko. Mjazaji ndiye anayeumia. Akiwa na A_A_I mkononi anaweza kuandika ASALI, AMANI au AHADI, na yote yanakaa. A_A ni ADA, AKA au AGA. Irabu haimsaidii sana mtu kwa sababu iko kila neno.

Kingo mbili hazikwepeki, ila ndani ya mchoro jitahidi kila neno la herufi 5 na kuendelea lipate angalau konsonanti moja kwenye makutano. Pasipowezekana, kama hapa, mzigo wote unabebwa na kidokezo, kwa hiyo kiwe na jibu moja tu. "Kitu kitamu" kwa ASALI hakifai. "Fuata nyuki ule hii" hakina mpinzani.

Kwa fumbo hili ningeandika hivi:

1 mlalo (KISWAHILI): Siku yake duniani ni 7 Julai
8 mlalo (MSIMAMIZI): Huzunguka chumbani wakati wa mtihani
10 mlalo (UFA): Usipozibwa, ukuta utajengwa
2 wima (SAA): Dakika 60
8 wima (MBUYU): Ulianza kama mchicha
1 wima (KUA): Ongezeka kimo

Pamoja na ile ya ASALI, methali zimeshafika tatu, na hapo ningesimama. Methali ni rahisi mno kwa mtunzi, na anayezijua hajazi kwa kufikiri, anamalizia sentensi tu. NIA ukiiwekea "Penye hii pana njia" umeongeza ya nne, ndiyo hao wanaosema ni rahisi.

Mambo matatu yanayoharibu vidokezo vya Kiswahili hasa:

Upatanisho unafichua herufi ya kwanza. Ukiandika "Kinakatia nyama", umeshasema KI-, na mtoto anaandika KISU kabla hajafika nukta. Tumia jina la jumla: "Kifaa cha jikoni chenye makali". Halafu usimtegee kwa upatanisho usio wa jibu, huo ni uongo na siyo fumbo.

Kitenzi kiwe kama kilivyo kwenye kamusi, bila KU-, na kidokezo kiwe umbo hilohilo. KUA ni "Ongezeka kimo", siyo "Kuongezeka kimo", maana hapo mtu atatafuta KUKUA na visanduku havitoshi. Na marufuku vitenzi vilivyoambishwa nafsi na wakati. Ukikwama utatamani sana kuweka ALIMPA au WANAKUJA, kwa sababu kwa viambishi vyetu lolote linaweza kujaa. Wajazaji wakigundua mara moja hawakuamini tena. Neno lisilo na kidahizo (ingizo lake lenyewe) kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA, litoe.

La tatu ni wingi. Jibu likiwa la wingi, kidokezo nacho kiwe cha wingi. Linasahaulika kila siku.

Kwa wale wanaotaka ugumu, wape vidokezo vya maana mbili, vinne au vitano kwa fumbo zima. MTAMA: "Ukipikiwa unashiba, ukipigwa unaanguka." Kiswahili kimejaa maneno ya namna hiyo: kata, paa, mbuzi, tembo.

---

ChakiNyeupe:

Asanteni sana, kumbe nilikuwa napigana na lugha yenyewe. Bibi Nukta, shikamoo, nimekuelewa kwenye upatanisho. Nina la nyongeza: wanafunzi wanapenda majina ya mitaa na kata za hapa. Yanaruhusiwa? Na bado suala la WhatsApp.

---

Bibi_Nukta:

Marahaba mwalimu. Yanaruhusiwa, yasizidi mawili kwa fumbo, maana mzazi aliyehamia juzi atakwama. Dodoma ina bahati, majina ya maeneo yake mengi ni maneno ya kawaida: HAZINA, KISASA, MAJENGO, VIWANDANI. KISASA: "Eneo la jiji lisilo la kizamani." TAMBUKARELI ina herufi 11, inakaa mstari mzima wa mchoro wa 11. ZUZU inatamanisha sana, ila andika "Kata ya magharibi mwa jiji" uishie hapo, wakazi wake wasikununie. Yenye tahajia inayobishaniwa kama Ng'hong'onha yaache kabisa. CHANGOMBE bila alama ni herufi 9, mradi umetangaza ile kanuni ya NG'.

---

Steshenari_ya_Mtaa:

Nijibu la nne, na la kuchapa kwa pamoja.

Mchoro utengenezee LibreOffice Calc au Excel. Calc inakubali vipimo vya sentimita moja kwa moja: upana wa safu sm 0.9, kimo cha mstari sm 0.9. Excel hupima upana kwa idadi ya herufi na kimo kwa pointi, ndiyo maana visanduku vya wengi vinatoka kama matofali. Badilisha kwanza uende kwenye mwonekano wa kurasa, hapo utaandika sentimita kote kote. Visanduku 9 vya sm 0.9 ni sm 8.1, vinaenea kwenye nusu ya A4 na nafasi ya vidokezo inabaki. Weka mafumbo mawili kwenye A4 iliyolala, kata katikati: nakala 60 ni karatasi 30.

Namba ziwe ukubwa wa 7, juu kushoto. Hesabu kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, na kisanduku kinachoanzisha mlalo na wima kinapata namba moja. Fumbo hilo la juu linaishia 14. Ukipata zaidi kuna kisanduku umekihesabu mara mbili.

Vyeusi usivijaze weusi mzito. Mashine ya kopi hula wino na kuchafua upande wa pili karatasi zikirundikana. Kijivu cha asilimia 40 kinatosha.

WhatsApp hubana picha, ndiyo maana namba zinapotea. Hifadhi kama PDF na uitume kama dokumenti, isipitie kwenye galari. Kwa wasio na pa kuchapa, tuma mchoro peke yake kama picha ya mraba, na vidokezo kama ujumbe wa maandishi, ili mtu asilazimike kuvuta picha kila dakika. Kila kidokezo kimalizie na idadi ya herufi kwenye mabano. Mchoro wa maandishi unawezekana pia: weka alama tatu za mkato wa nyuma (```) mwanzoni na mwishoni ili herufi zilingane upana, utumie # kwa cheusi na nukta kwa cheupe. Vile vimraba vyeusi vya emoji hutofautiana upana simu kwa simu, mistari inapinda.

Majibu yaje kwako faraghani. Mmoja akiyamwaga kundini saa mbili usiku, fumbo limekufa.

---

Mraba_Mweusi:

Nyongeza moja. Kabla ya kutoa kopi, mpe mtu mmoja asiyeliona kabla alijaze kwa penseli huku wewe umenyamaza. Kila alipofuta, soma alichokuwa ameandika. Kama lile la kwanza nalo lilikaa na kidokezo kililikubali, rekebisha kidokezo, mchoro uache.

Na kama una kidato cha kwanza wanaoona hili gumu, watengenezee la silabi, silabi moja kwa kisanduku. Tatizo la irabu mwishoni linatoweka kabisa, kwa sababu silabi yoyote inaweza kuanza au kumaliza neno. PI-MA juu, LI-MA chini. Ukisoma wima unapata PILI na MAMA. Kwa namna hiyo hata 4 kwa 4 yenye vyeusi vichache inajaa. Epuka tu maneno yenye M au N inayosimama kama silabi, mfano MTU na NNE, mpaka wawe wameshafundishwa kuyagawa.

---

ChakiNyeupe:

La silabi nalichukua kwa kidato cha kwanza. Lile la 9 kwa 9 naliandikia vidokezo 10 vilivyobaki usiku huu, kisha navibandika hapa mvikague kabla ya Ijumaa.