Propela ipi inafaa kwa mashua yangu ya tanga?

Mwenye mashua, Entebbe:
Ndugu zangu, mashua yangu ya futi 28, yenye dizeli ya nguvu za farasi 18, iligonga mwamba karibu na visiwa vya Ssese, na panga moja la propela likapinda. Propela hiyo ina chapa ya 15 x 10. Je, ninunue inayofanana nayo kabisa?

Fundi, Port Bell:
Ndugu, 15 ni kipenyo kwa inchi, na 10 ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Kabla ya kuinakili, kumbuka kama injini ilifikia mizunguko iliyotajwa na mtengenezaji ulipofungua mafuta yote. Kama haikufika, tena ikatoa moshi mweusi, propela ilikuwa nzito mno kwa injini kuizungusha. Ziwa letu la Viktoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu, kwa hiyo kipimo cha pwani huweza kuwa kikubwa mno hapa.

Msafiri wa Ssese:
Mimi ningechagua ya kukunjika yenye mapanga mawili, ingawa ni ghali, kwa sababu haibururi maji wala kunasa gugu maji sana wakati wa kutumia tanga.

Mwenye mashua:
Nashukuru. Moshi ulikuwepo.

Fundi:
Basi chukua 15 x 9, iliyo nyepesi zaidi kuzungusha, ila kwanza upime shafti, yaani mhimili unaozungusha propela, maana huenda nayo imepinda.