Acheni kutuuzia MP3 za "320" zilizopikwa kutoka 128!

Wakuu, leo nimechoka na nasema wazi: baadhi ya hawa wanaotuingizia nyimbo kwenye memori kadi na flashi wanatuibia mchana kweupe.

Nimempelekea jamaa kadi ya GB 8 anijazie nyimbo za kusikiliza safarini. Nikamwambia kabisa kwamba nataka ubora wa juu na pesa ya ziada nitatoa. Akaapa zote ni 320. Na kweli, ukiangalia taarifa za faili, kila moja inasoma kilobiti 320 kwa sekunde, yaani kiasi cha data kinachobeba kila sekunde ya wimbo; ile ya 128 ina data kidogo zaidi. Vaa hedifoni sasa! Matoazi hayalii, yanachakacha. Mwimbaji akitamka "s" unasikia mluzi. Makofi ya mashabiki yote yamegandana, huwezi kutofautisha kofi na kofi.

Nikazifungua kwenye Spek, programu ya bure inayokuchorea masafa ya wimbo mzima, kuanzia sauti nene chini mpaka nyembamba juu, kwa kipimo cha kilohezi (kHz). Nyimbo mpya kabisa za studio, zikifika kHz 16 zimekatwa kwa mstari ulionyooka, juu yake giza tupu. MP3 ya 320 iliyotoka kwenye CD hupanda mpaka karibu kHz 20. Faili nyingi za 128 ndizo zinazokatika hapo kwenye 16. Maana yake mtu kanyonya sauti kwenye video mtandaoni, akaigeuza upya ili isomeke 320, akapandisha bei. Nyimbo za dansi za zamani sizihesabu, maana kanda zile zenyewe hazina treble nyingi. Ila hata huko sauti hufifia polepole, haiishii ghafla namna ile.

Jamani, CD ina kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 inabaki na kama sehemu moja tu ya kumi na moja ya hizo. Inafika hapo kwa kutupa sauti ambazo sikio haliwezi kuzipata vizuri, zile zilizofunikwa na sauti kubwa zaidi. Kikishatupwa kimetupwa. Ukiigeuza tena kuwa 320 hurudishi hata chembe, unaikamua mara ya pili juu ya madoa ya mara ya kwanza. Ni fotokopi ya fotokopi, hata ukiitoa kwenye karatasi ya bei mbaya.

Na nafasi je? Wimbo wa dakika 4 kwa 128 hauzidi MB 4. Kwa 320 unakaribia MB 10. Kadi ambayo ingebeba nyimbo kama 2,000 sasa inabeba 800 na ushee, kwa sauti ileile mbovu au mbovu zaidi.

Kuna mwingine anatangaza FLAC, fomati inayobana faili bila kutupa sauti. FLAC ni kweli haipotezi kitu, lakini haipotezi kitu cha kile ulichoiwekea! Ukiilisha MP3 ya 128, umetunza ubovu kwa uaminifu mkubwa, tena kwa faili kubwa kuliko 320.

Msiniambie kwamba ubaya ni wa MP3. MP3 iliyotengenezwa kwa LAME (programu ya kutengenezea MP3) kutoka CD, bitreti (hizo kilobiti kwa sekunde) ya kupanda na kushuka yenye wastani wa 190 hivi, inapendeza sana na inapiga popote, kuanzia kitochi mpaka redio ndogo ya flashi. Mwenye simu ya Android, kuanzia toleo la 5, achukue Opus, fomati nyingine ya kubana sauti. Iko huru tangu 2012, na kwa kilobiti 96 tu inaishinda MP3 ya 128 waziwazi. AAC, fomati nyingine tena, nayo kwa ukubwa uleule ni safi kuliko MP3. Fomati zipo za kila mfuko. Ugonjwa uko kwenye chanzo cha faili, na chanzo ndicho mnachotuficha.

Najua atakuja mtu aniulize kama ndani ya daladala nitasikia tofauti. Ndani ya daladala labda nisisikie. Nyumbani usiku nasikia, na pesa niliyotoa ilikuwa ya 320 halisi.

Kwa hiyo ninyi wauzaji, andikeni wimbo umetoka wapi: CD, duka la mtandaoni, au video. Kama faili uliyonayo ni ya 128, niuzie hiyohiyo bila kuigusa, kwa bei ya 128. Nitainunua.