Naomba ushauri: mteja wa methadoni aliyeanza dawa za TB

Wadau mnaohudumia waraibu wa heroini, naombeni mnisaidie. Mteja anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, miligramu 80 kila asubuhi, na sasa ameanza dawa za TB. Wiki ya pili tu arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, imerudi: ikifika saa tisa usiku anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vinamtoka, vinyweleo vinasimama, viungo vinauma. Nyumbani wameshaamua kuwa amerudia unga, na inauma kwa sababu si kweli.

Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hulichochea ini kuivunja methadoni haraka, kwa hiyo dozi iliyomtosha saa 24 inaishia njiani. Daktari humpima kabla hajanywa, kisha hupandisha kidogo kidogo. Methadoni hujilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa, ukiipandisha kwa pupa pumzi inaweza kukata, hasa akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Matibabu ya TB yakiisha dozi ishushwe tena. Hapo wengi husahau.

Ninapokwama ni kwenye zile saa za usiku. Hamu ya kawaida ya heroini hupanda na mara nyingi hutulia ndani ya nusu saa, hivyo kuoga, kutembea au kumpigia mwenzake simu humvusha. Arosto haitulii hivyo. Mnamfundisha nini cha kushika mpaka kliniki ifunguliwe? Na familia mnaikalisha lini, kabla dozi haijapandishwa au baada?