VirtualBox au KVM? Matoleo yamegombana baada ya kusasisha mfumo

Chumbageni77: Wakubwa, shikamooni. Ofisini kwetu Tanga tuna kompyuta ya Linux ambayo, kwa VirtualBox, inaendesha mashine pepe (kompyuta ya programu tu ndani ya kompyuta halisi) ya Windows yenye programu ya uhasibu. Tangu nisasishe mfumo wiki iliyopita mashine hiyo haiwaki, kwani moduli ya vboxdrv, kipande cha VirtualBox kinachoingia kwenye kerneli (kiini cha mfumo), haipakiwi. Bosi anataka uamuzi kabla ya Jumatatu: nipandishe toleo la VirtualBox, au nihamie KVM, njia ya Linux yenyewe ya kuendesha mashine pepe?

FundiNgamiani: Ndugu, umesema unaumwa bila kusema wapi. Linux ipi, kerneli ya toleo gani, VirtualBox ya toleo gani? Andika jibu la amri ya uname -r.

BintiPangani: Mimi ningehamia KVM leo hii. Tangu mwaka 2007 imo ndani ya kerneli yenyewe, kwa hiyo hakuna moduli ya nje ya kuundwa upya kila kerneli inapobadilika.

MzeeWaMwambao: Mwanangu, usimwaminishe kwamba huko hakuna ugomvi wa matoleo. Nilihamisha mashine kutoka seva ya Debian 12, yenye QEMU 7.2 (programu inayoiga vifaa vya kompyuta kwa ajili ya KVM), kwenda seva ya akiba ya Debian 11, yenye QEMU 5.2. Diski niliinakili usiku kucha, na asubuhi libvirt, msimamizi wa mashine pepe, ikakataa kuiwasha, kwa sababu usanidi ulitaja aina ya mashine (muundo wa vifaa vinavyoigwa) pc-q35-7.2 ambayo QEMU ya zamani haiijui. Nikaibadilisha kwa amri ya virsh edit kuwa pc-q35-5.2, ikawaka, lakini Windows ikaiona kadi ya mtandao kuwa ngeni na kupoteza anwani yake ya kudumu, na wahasibu wakakaa bure hadi alasiri. Kupanda toleo ni rahisi, maana QEMU mpya huzikumbuka aina za zamani. Kushuka ndiko kwenye taabu.

FundiNgamiani: Kosa hapo ni kuweka seva ya akiba yenye toleo la nyuma ya seva kuu.

MzeeWaMwambao: Akiba huwa ni kile kilichobaki, Fundi. Bajeti hukuiandika wewe.

Chumbageni77: Samahani, umeme ulikatika. Ni Ubuntu 22.04, kerneli imeruka kutoka 5.15 hadi 6.8, na VirtualBox ni 6.1 niliyoipakua mwaka 2022. Kabla ya kusasisha sikuizima Windows; niliihifadhi hali yake tu.

FundiNgamiani: Hilo ndilo ulilotuficha! Kerneli 6.8 ni ya mwaka 2024, nayo VirtualBox yako ingeijuaje? Hali iliyohifadhiwa haihamishiki kwenda KVM. Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kompyuta inapowaka, chagua kerneli 5.15, fungua Windows, izime kabisa, nakili diski, kisha ndipo uchague njia. Ukibaki VirtualBox, weka 7.0 na usasishe pia viongezi vyake (Guest Additions) ndani ya Windows.

BintiPangani: Akihamia KVM, abadilishe faili la vdi (diski ya VirtualBox) kuwa qcow2 (diski ya QEMU) kwa amri ya qemu-img, na diski aiweke kwanza kama SATA, aina ya kawaida, kwa kuwa Windows isiyo na draiva za virtio (vifaa pepe vya KVM) haitawaka kwenye diski ya virtio. Asiviweke vyote viwili pamoja: kuanzia kerneli 6.12, KVM hushika uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe mara inapopakiwa, na VirtualBox hukataliwa mpaka uweke mpangilio wa kerneli kvm.enable_virt_at_load=0.

MzeeWaMwambao: Naye ana 6.8. Hilo la mwakani.

Chumbageni77: 5.15 imekubali, Windows imefunguka na nimeizima. Sasa faili la vdi ni GB 60, na nafasi iliyobaki ni GB 20.

FundiNgamiani: Njoo Ngamiani uchukue diski yangu ya nje, lakini Jumapili naihitaji.