MREJESHO: Mstari wa njano wa chumvi sasa unasoma 591

Ndugu zangu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini spektromita yangu ya boksi la viatu (kifaa cha kutawanya mwanga na kupima urefu wa mawimbi yake) inausoma mwanga wa chumvi kwenye moto kuwa nanomita 604, ilhali sodiamu hutoa 589.

Nilimfuata aliyesema niachane na CD ya kutawanyia mwanga nichukue DVD. Mifereji ya CD imeachana maikromita 1.6, ya DVD 0.74, na kweli rangi zilitawanyika zaidi ya mara mbili. Mpasuo wa kuingizia mwanga nimeutengeneza kwa vipande viwili vya wembe. Kisha, kama mlivyoshauri, nikaanza na taa yenye zebaki na kuweka alama kwenye mistari yake ya 435.8 na 546.1, iwe vipimo vya kulinganishia. Hapo nilipoteza siku mbili: balbu niliyouziwa Jinja mjini ilikuwa ya LED, haina zebaki, nikawa naona utepe wa rangi tu. Ile ya zamani, ya mrija uliojipinda, nimeiazima chooni kwa jirani. Mzee alikubali huku akicheka.

Chumvi ya Katwe, kijiko cha spiriti, usiku, taa zote zimezimwa: 591. Nimeridhika.

Kilichonishinda ni kuitenganisha mistari miwili ya sodiamu, 589.0 na 589.6. Nikibana mpasuo zaidi, kamera ya simu inaona giza. Wanafunzi wangu wataona mstari mmoja, basi.

Asanteni sana, hasa aliyenikumbusha kufunika boksi kwa kitambaa cheusi.