Uliwahi kumlilia mnyama wa porini? Wawindaji na mnaokaa pembezoni mwa mapori, tupeane uzoefu

Mzee wa Marisau:

Wakuu salama? Huu uzi nimeuwaza wiki nzima naona aibu kuuanzisha, mtu mzima wa miaka 61, nimewinda tangu kijana, halafu nakuja hapa kuwaambia nimelia kisa mbawala. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Nakaa huku chini ya milima ya Udzungwa, upande wa Kilombero. Shamba langu likiishia kuna korongo, ukivuka korongo unaanza msitu. Enzi zangu nilikuwa nakata leseni wilayani, Julai msimu ukifunguliwa tunashuka bondeni na shotigani, nyati, sheshe, nguruwe pori, na mbawala ndo usiseme. Wasiomjua, mbawala (wengine wanamwita pongo) ni yule wa rangi ya udongo mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, anatembea peke yake, akishtuka anabweka kama mbwa mwenye mafua. Dume akijeruhiwa usimfuate kichwakichwa kichakani, anakusubiri akutoboe na pembe, nina jamaa yangu ana kovu la paja mpaka leo. Kwa hiyo mbawala kwangu hajawahi kuwa kitu cha kuonea huruma, nilikuwa nikimwona napiga hesabu ya kilo tu.

Sasa mwaka juzi akaanza kuja jike. Mara ya kwanza nimetoka alfajiri kwenda chooni namkuta kwenye matembele ya mama watoto, kama hatua kumi na tano hivi, sikio la kushoto limechanika kidogo kwenye ncha. Akainua mguu mmoja wa mbele akaushikilia hewani, hakuuweka. Na mimi nikasimama na kopo langu la maji. Tumetazamana pale mpaka mkono ukaanza kuniuma, ndo akaushusha ule mguu taratibu akaendelea kula.

Basi ikawa mazoea, alfajiri na jioni giza likianza kuingia. Maembe yakidondoka anaokota yaliyopasuka. Majirani wakaanza kunitania eti nimeongeza mke, mama watoto naye akadaka, akimwona dirishani ananiambia "bi mdogo wako kaja, katoke ukamsalimie". Basi akabaki na jina hilo hilo, Bi Mdogo.

Kuna kipindi akapotea wiki kadhaa, akarudi tumbo limeshuka. Mi nikajua kazaa, ila katoto hatukukaona miezi, hawa wanaficha watoto balaa, hata mavi ya mtoto mama anayala ili chui asipate harufu. Haya mambo nilikuwa nayajua siku zote lakini niliyajua kwa ajili ya kumtafuta nimpige. Siku alipokaleta kale katoto pale kwenye mwembe, aisee, nilimwamsha mama watoto kwa kumfinya tu nisitoe sauti.

Mwezi uliopita usiku nikasikia anabweka huko korongoni, mara tatu nne, kimya. Nikasema labda chui. Kesho yake hakuja, keshokutwa hakuja. Siku ya tatu nikafuata nzi. Waya wa breki ya pikipiki, shingoni, umeingia mpaka ndani, na ardhi yote ile pale imechimbuka kwa kwato, kapigana sana. Kilichonimaliza, nyama imeoza. Yaani aliyetega hakurudi hata kuangalia mtego wake! Mi nimeua wengi lakini sijawahi kumwacha mnyama akaoza.

Nikampigia mtendaji naye akamwita askari wa wanyamapori, maana hata ngozi tu ukikutwa nayo bila kibali ni nyara za serikali, uzee huu siutaki mahabusu. Wakaja, wakaandika, wakaniambia zika hapo hapo. Nimechimba mwenyewe. Ndo hapo kwenye kuchimba machozi yakaanza, nikajidai jasho.

Haya, nimeanza mimi. Nani mwingine yamemkuta?

Supu Saa Moja:

Mzee pole lakini tusemezane ukweli, wewe unalilia mboga iliyoharibika 😂 Ungemkuta siku ya kwanza saa hizi tungekuwa na uzi wa mapishi. Mkuki kwa nguruwe mzee wangu, malizia mwenyewe.

Mzee wa Marisau:

@Supu Saa Moja hiyo methali nimeimalizia kitambo mwanangu. Ngoja wengine waseme nitarudi hapo.

Mtaita:

Huku kwetu Kenya kuwinda kulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo kwetu mwindaji alikuwa babu, mimi nilikuta tu stori. Lakini digidigi ninao. Nakaa nje kidogo ya Voi na kwa boma walikuwa wanakuja wawili, hawa huishi mke na mume tu, hawana mambo ya kundi. Halafu wana choo kimoja, wanaenda pale pale kila siku, kakilima ka vinyesi vidogo kama mbegu. Kwangu choo chao kilikuwa nyuma ya tanki la maji na nilikasirika sana mwanzoni, nikawa nafagia, wanarudisha, nafagia, wanarudisha, mwisho nikawaachia.

Mbwa wa jirani walimuua wa kike mchana peupe, nikiwa natoka na jiwe wameshamaliza. Yule dume amekuja pale kwa choo kama wiki mbili hivi, peke yake, anasimama. Sijui anafikiria nini, mimi si mtaalamu, labda alikuwa anaenda haja tu. Lakini nilikuwa najificha jikoni nisimuone.

Mama Kuku:

Mi huku kwetu tumbili wanamaliza mahindi, siku nikimlilia mnyama wa porini mjue nimerogwa. Ila hapo pa kumfinya mama watoto umenigusa mzee, pole.

Baba Furaha:

Mimi nipo Erie, Pennsylvania, ni mtu wa Uvira, Kongo, nimepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi ndo nikaletwa huku Marekani. Huku kuna kulungu, hawa wanaowaita deer, wakubwa kuliko hao mbawala wenu, wanaingia mpaka uani. Mke wangu analima lengalenga nyuma ya nyumba, na kiangazi kizima dume mmoja alikuwa anakuja kuimaliza, pembe bado zimevaa ile ngozi laini ya manyoya kama mahameli. Mke anatoka na mwiko anamtukana kwa Kifuliru, kulungu anamwangalia tu.

Sasa hawa si kama wa kwetu, pembe zao zinadondoka kila mwaka zinaota upya. Mwezi wa tatu nikaokota moja kwenye uzio, tawi la mwisho limepinda kwenda ndani kama kidole kilichovunjika. Nikaiweka juu ya televisheni.

Nilikuwa nimesoma lile somo la wawindaji nikapata leseni, kwa hiyo Novemba, msimu wa bunduki unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, tukaingia msituni na wenzangu wa kazini, wote tumevaa rangi ya machungwa kama watu wa barabara. Nikapiga dume. Safi, hakuteseka. Nimefika namgeuza kichwa, tawi la mwisho limepinda kwenda ndani.

Nilifika nyumbani nikaweka pembe mbili pamoja mezani. Hakuna aliyesema neno. Tulimla, sitawadanganya, nyama ilijaza friza mpaka mwezi wa nne. Binti yangu hakugusa. Mke wangu ndo alinishangaza, lengalenga ya mwaka uliofuata ilistawi sana, akawa anaiangalia hana furaha nayo.

Supu Saa Moja:

Sasa mnanikosesha raha. Mzee Marisau, mtegaji ulimjua?

Mzee wa Marisau:

Nilikuwa naombea mtu asiulize.

Nilipoukata ule waya nikaangalia fundo. Zungusha mara tatu, ncha unairudisha ndani kwenye mzunguko wa pili, halafu unaibana na jiwe. Fundo hilo alinifundisha baba, na hapa kijijini nimemfundisha mtu mmoja tu, kijana wa jirani, nguruwe pori walipokuwa wanamaliza mpunga wao. Nilimwonyesha mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda, nikamwambia rudia mpaka nikaridhika. Kwa hiyo Supu, ule mtego ulikuwa wa nguruwe kweli, methali yako imenikuta pabaya.

Siku ile ile jioni kapita njiani na baiskeli, "shikamoo babu", nikamwitikia marahaba, akaenda zake. Sidhani hata anajua kilichonasa, alikuwa amesafiri kwenda Ifakara kuuguza mama yake, ndo maana hakuangalia mtego.

Waya ninao kwenye mkebe wa misumari. Mngekuwa nyie mngemwambia?